Dawa Haina Nusu Inchi

Kama umewahi kushonewa suruali ikakubana hadi ukaogopa kukaa mbele za watu, basi fundi ninayetaka kukusimulia habari zake utampenda. Huyu alikuwa na kanuni moja aliyoishika kwa meno: kila nguo aliiongezea nusu inchi. Mteja akipimwa kiuno thelathini na nne, yeye anakata thelathini na nne na nusu, na ndani ya mshono anaacha kitambaa cha akiba. "Nguo pana hupunguzwa," alikuwa akisema, pini zikiwa katikati ya midomo yake, "lakini nguo finyu haina dawa." Watu wakamwita Nusu Inchi. Jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kadi ya kliniki tu.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya jengo la maduka, mwisho wa korido, mlango wa kushoto. Dirisha lilikuwepo, moja, lakini alilifunika kwa pazia zito tangu mwaka ule jua lilipompaushia jora zima la kitambaa cha buluu upande mmoja. "Jua ni adui wa kitambaa," alisema, na kwa miaka kumi na tisa pazia halikuguswa. Asubuhi alifika kabla jua halijapanda, akawasha taa, akavua viatu mlangoni na kukaa kwenye cherehani yake ya kukanyaga. Ya umeme hakuitaka. "Ile inakimbia kama imeiba," alisema. "Hii inanisikiliza, na mimi naisikia kwa nyayo." Chakula cha mchana alikila pale pale kwenye meza ya kukatia. Jioni akatoka, jua nalo limekwisha kwenda zake.

Maisha yalikuwa matulivu, sitaki kukudanganya. Redio ndogo iliimba, pasi ilinukia joto, wateja waliingia na kutoka. Alikuwa na kisukari, kilichogunduliwa miaka mitano nyuma, lakini hata hicho kilikuwa kimetulia. Mkewe, mpishi wa shule, mwanamke asiyependa mchezo na kazi wala na watu, alimwekea vidonge vyake kwenye kisahani kando ya kikombe, asubuhi na jioni. Nusu Inchi alimeza, akapangusa mdomo, akaenda kazini. Kila kipimo cha sukari kilitoka vizuri.

Kisha miguu ikaanza kumgomea.

Ilianza kwa mapaja kuwa mazito. Akikanyaga pedali kwa saa moja, lazima apumzike nusu saa. Mifupa ya kiuno na nyonga ikamuuma kama mtu aliyebeba magunia. Ngazi tatu za kuingilia jengoni, tatu tu, zikawa mlima. Alimficha mkewe kwa wiki mbili, na katika wiki ya tatu mkewe alimwona akijishikilia ukutani kuinuka kitini. Alichukua kadi ya kliniki, akampa viatu vyake, akasema, "Twende."

Daktari wao alikuwa msichana mdogo kwa umri, na koti lake la kwanza jeupe alilishona Nusu Inchi mwenyewe. (Mikono ilizidi nusu inchi. Alivaa hivyo hivyo.) Akampima damu kwa mambo mengi, na majibu yalipokuja akayatazama akacheka kidogo, siyo kwa dharau.

"Baba, wewe jua unaliona saa ngapi?"

"Nalisikia kwenye redio," akajibu fundi. "Kwenye utabiri wa hali ya hewa."

"Ndiyo maana. Vitamini D yako iko chini sana. Hii mwili huitengeneza wenyewe ngozi ikipata jua, na wewe umejifungia ndani miaka yote hiyo. Mifupa na misuli inaitegemea."

"Na sukari yangu je? Haihusiani?"

Daktari akafikiri kwanza. Hili nalipenda kwa daktari, kufikiri kwanza. "Watafiti wameona kwamba watu wengi wenye kisukari wana vitamini D kidogo," akasema. "Wanadhani inahusika kwa namna fulani na jinsi kongosho linavyotoa insulini na jinsi mwili unavyoitumia. Lakini bado wanachunguza, na hakuna aliyethibitisha kwamba inatibu kisukari. Mimi nakupa hii kwa ajili ya mifupa na misuli. Dawa zako za sukari ziko pale pale. Umenisikia, baba? Pale pale."

"Nimesikia, binti yangu."

"Kidonge hiki ni kikali. Kimoja tu kwa wiki, wiki nane, halafu urudi nipime. Na utoke nje kila siku utembee kidogo juani."

Basi ikawa kila siku saa nne asubuhi Nusu Inchi anatoka, futi ya kupimia shingoni, anazunguka jengo mara tatu. Wenye maduka wakamtania. "Leo fundi anapima jengo! Tunashonewa nini, shati au gauni?" Naye akawajibu kwamba jengo limenenepa, kitambaa hakitatosha. Kufikia wiki ya tano mapaja yalikuwa mepesi. Akakanyaga pedali asubuhi nzima bila kupumzika, na alifurahi karibu alie, maana fundi wa cherehani ya kukanyaga akipoteza miguu amepoteza na mikono. Hata sukari yake, alipoipima, ilikuwa imeshuka kidogo. Mimi ningesema ni yale matembezi. Lakini hakuniuliza mimi. Alimwuliza Profesa.

Profesa alikuwa fundi wa simu, mlango wa kulia wa korido ile ile. Chuo kikuu hakukiona hata kwa geti. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna swali lililowahi kumshinda kujibu, awe anajua au hajui. Hakuwa mtu mbaya, jamani, msimwone vibaya. Alimpenda mzee wake, na aliposikia habari zile alitoa simu mfukoni, akaitafuta hoja kwa dole gumba, akaipata chini ya dakika moja.

"Hii hapa, mzee! 'Uhusiano mkubwa kati ya ukosefu wa vitamini D na kisukari.' Umeona? Watu weupe kwa weusi wanasema, maprofesa wa kweli. Mzee, wewe sukari huna. Wewe ulikuwa na giza."

"Unasema kweli?"

"Miaka mitano unamezeshwa vidonge, kumbe ulikosa jua tu! Angalia mwenyewe, umepata vitamini, miguu imepona, sukari imeshuka. Unataka ushahidi gani tena, malaika ashuke?"

Fundi akaichukua simu, akasoma yale maandishi makubwa ya juu. Ya chini, madogo, yaliyosema kwamba uhusiano siyo tiba na kwamba utafiti unaendelea, hayakusomwa na mmoja wala mwingine. Hapa ndipo nataka uniangalie vizuri, wewe unayesoma. Uongo mtupu Nusu Inchi angeutambua, alikuwa mtu wa akili. Lakini kile alichoambiwa kilikuwa na kipande cha kweli ndani yake, na kile kipande ndicho kilichomnasa.

Siku ile akakaa kwenye cherehani akiwaza kifundi. Kidonge kimoja kwa wiki! Akamwona yule binti daktari kama fundi mwanagenzi anayekata nguo kwenye kipimo kamili bila kuacha akiba. Mtu amekaa gizani miaka kumi na tisa, halafu unampa kidonge kimoja kwa wiki? Hiyo si itabana? Ongeza, bwana. Ikizidi, mwili utapunguza wenyewe. Na kama tatizo lilikuwa giza, vidonge vya sukari vya nini tena? Ni kama kuweka kiraka kwenye suruali mpya.

Akaenda kwenye duka la dawa la mtaa wa pili, asikojulikana, akanunua vidonge vile vikali bila karatasi ya daktari, na muuzaji hakumwuliza chochote. Kuanzia siku ya pili akawa anameza kimoja kila siku. Vya sukari alivipokea kwa mkewe kama kawaida, akavifumbata kiganjani, akanywa chai, na alipofika kazini akavitia kwenye kopo la vifungo. Mkewe hakujua. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na hiyo ndiyo siri ya kwanza kubwa aliyomficha, na nitasema wazi kwamba ilimuuma. Kila asubuhi alipofumba kile kiganja alishindwa kumtazama usoni. Alijiambia, "Nitamwambia nikishapona kabisa. Atacheka mwenyewe."

Wiki ya nane ikafika, kliniki hakwenda. Akaona ya nini kwenda kupimwa na mtu aliyempimia pungufu.

Mwezi wa kwanza ulipita salama, na hilo ndilo lililomharibu zaidi. Mwezi wa pili akaanza kiu. Akawa anakunywa maji jagi zima kabla ya saa sita, na njia ya chooni ikawa kama yake peke yake. Chakula kikamkinaisha, tumbo likafunga siku nne siku tano, kichefuchefu kikamjia akiona tu sahani. Suruali yake mwenyewe ikaanza kumvuka kiunoni. "Napungua!" akamwambia Profesa kwa furaha, na Profesa akampongeza. Mkewe alipouliza, alisema ni joto. Alipouliza tena, alisema ni uzee. Mara ya tatu aliwasha redio.

Kazi nayo ikaanza kumponyoka. Akashona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia. Akamrudishia mteja mmoja suruali ya mteja mwingine, mtu mfupi akapewa ya mtu mrefu, na badala ya kucheka wakagombana. Siku moja sindano ya cherehani ilikatika katikati ya kitambaa kigumu. Akatafuta kipande kilichoanguka, hakukiona, akaweka sindano nyingine akaendelea. Miguu yake ilikuwa mitupu kama siku zote. Hakusikia kitu.

Siku tisa baadaye, saa saba mchana, mkewe akaingia pale chumbani akitoka shuleni, aproni yake ya jikoni mkononi.

"Kifungo cha mgongoni kimeng'oka," akasema. "Nipe kimoja cheupe nishone mwenyewe, wewe endelea."

"Iache hapo. Nitakushonea mimi."

"Kifungo kimoja tu, baba watoto. Kopo si lile pale?"

"Nimesema iache!"

Mkewe akasimama. Mume wake hakuwahi kumpigia kelele kwa ajili ya kifungo. Alimtazama usoni, ile midomo iliyokauka, macho yaliyoingia ndani, na mkono wake ukanyooka polepole hadi kwenye kopo. Akalimimina juu ya meza ya kukatia.

Vifungo vyeupe vikatawanyika, na vidonge vyeupe navyo. Vilikuwa vingi, zaidi ya mia. Kimoja kikabingirika kikaanguka sakafuni. Redio ilikuwa ikitangaza matokeo ya mpira, na fundi akainuka kuizima, maana hakujua la kufanya jingine.

"Hivi ndivyo ninavyokuwekea kwenye kisahani," mkewe akasema. Hakuwa akiuliza.

"Sikiliza, mke wangu. Nilikuwa nataka kukuambia. Mimi sukari sina, nilikosa jua tu. Nimepata dawa yenyewe, naimeza kila siku..."

"Kila siku nakuwekea. Kila siku unanitazama, unanywa chai yangu, na unanidanganya. Kwa nini hukuniambia, nikakataa, tukagombana kama watu?"

Fundi akarudi kitini, akaketi. Na mkewe, aliyeinama kukiokota kile kidonge, hakuinuka. Alikuwa ameona pedali. Kwenye chuma chake palikuwa na doa jekundu lililokauka, na jingine bichi juu yake.

"Inua mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kulia. Inua."

Akainua. Karibu na kidole kidogo ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, na katikati yake palikuwa na tundu lenye usaha, na kidole chenyewe kimeanza kuwa cheusi. Nusu Inchi aliutazama mguu ule kama umeletwa na mteja. Hapakuwa na maumivu hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha. Mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, aliogopa.

Profesa ndiye aliyeita teksi, na ndiye aliyembeba hadi kwenye ngazi. Njiani hakutoa neno, na kwa Profesa hiyo ilikuwa habari.

Hospitalini wakampima sukari, na mashine ikaonyesha ishirini na nane, ilhali haitakiwi kuvuka kumi. Muuguzi akapima tena akidhani mashine imekosea, ikatoa ile ile. Wakampima damu wakakuta kalsiamu nayo imepanda kupita kiasi. Wakampiga picha ya eksirei ya mguu, na ndani ya nyama, wazi kabisa, kikaonekana kipande chembamba chenye ncha.

"Hii nini?" akauliza daktari wa upasuaji.

Nusu Inchi akaitazama ile picha. "Namba kumi na sita," akasema kwa sauti ndogo. "Ya kushonea jinzi."

Daktari yule hakucheka. Akamweleza mkewe nje ya pazia, lakini pazia halizuii maneno, kwamba usaha umeanza kupanda. Wangesafisha, wangempa dawa na insulini, na wangesubiri siku tatu. Usaha ukikoma, wangekata kidole. Ukipanda, wangekata mguu juu ya kifundo.

Siku tatu! Yeye aliyekuwa akihesabu siku kwa nguo za wateja, sasa alizihesabu kwa mguu wake. Alilala dripu mkononi, akitazama shuka lilivyoinuka mahali palipo mguu, na akawa anaukanyaga hewani polepole, kisigino kidole, kisigino kidole, kama kwenye pedali, kuona kama bado upo. Alijua kushona kwa mikono, lakini kwa mikono angeshona mashati mangapi? Na mkewe amlishe kwa aproni ile ile? Akageukia ukuta akalia, mtu mzima wa miaka hamsini na nane.

Siku ya pili daktari wake, yule binti wa koti jeupe, akaja akaketi kando ya kitanda. Hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza.

"Nilikungoja wiki ya nane, baba. Nilipiga simu mara mbili."

"Niliona nimepona. Binti yangu, nilidhani umenipimia pungufu. Sisi tukishona tunaongeza. Ikizidi, unapunguza."

"Nguo ina pindo, baba. Mwili hauna pindo la kufumua. Vitamini hii ikizidi haitoki kwa urahisi, inakaa mwilini wiki na miezi. Ndiyo iliyokupandishia kalsiamu, ikakukausha, ikakufunga tumbo, na ingeendelea ingeharibu figo. Na sukari uliyoiacha bila dawa ndiyo iliyoupa usaha nguvu. Ganzi ya miguu ilikuwa imeanza zamani, polepole, ndiyo maana sindano hukuisikia."

"Kwa hiyo jua halikuwa na maana?"

"Lilikuwa na maana. Nilikwambia utoke, na miguu ikapata nguvu, si uliona? Ulikuwa sawa kabisa mpaka pale ulipoanza kujipimia." Akamshika mkono. "Sasa niambie kila kitu ulichomeza, na lini. Usifiche hata kimoja."

Akamwambia. Ilichukua muda, na mkewe alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, naye fundi alimwona, wala hakunyamaza. Alipomaliza, mkewe akaingia, akamtengenezea mto, akasema, "Haya. Umekwisha kusema. Sasa pona."

Siku ya tatu asubuhi daktari wa upasuaji akafungua bandeji. Akaangalia. Akabonyeza. Akaita mwenzake, naye akabonyeza. Fundi alikuwa amefumba macho, na mkewe ameshika ukingo wa kitanda hadi vidole vimekufa ganzi.

"Usaha umekoma," daktari akasema. "Kidole hiki kidogo hatutakiokoa. Mguu unabaki."

Mkewe aliyevumilia yote yale bila chozi akaketi sakafuni pale pale, akalia kwa sauti hadi muuguzi akamletea maji. Fundi yeye alicheka, alilia, akacheka tena, akamwuliza daktari kama kidole kidogo kina kazi yoyote kwenye pedali. Akaambiwa hakina. "Basi chukueni," akasema.

Alikaa hospitalini wiki tatu. Vidonge vya vitamini vilisimamishwa kabisa hadi damu yake itulie. Alirudi nyumbani na gongo la kutembelea, na insulini ambayo baadaye, sukari ilipotulia, daktari aliibadilisha ikawa tena vidonge. Mwezi wa tatu kidonda kilifunga. Siku hiyo alikwenda kwenye chumba chake cha kazi, mkewe nyuma yake, akaketi kwenye cherehani, safari hii na viatu vya ngozi vilivyofungwa, na akaweka mguu wa kulia kwenye pedali. Gurudumu lilikwama kidogo, kisha likazunguka. Akashona mstari mmoja ulionyooka juu ya kitambaa chakavu, ukafika mwisho, akakata uzi. Mkewe akauchunguza ule mshono kama mnunuzi mgumu. "Unafaa," akasema.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, nami ningefurahi. Lakini siku hiyo hiyo Profesa alisimama mlangoni, mikono mfukoni, hatoki wala haingii. Miezi yote ile alikuwa akileta matunda na mazungumzo ya mpira, na hakuna aliyemtupia neno la lawama. Sasa uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzee," akasema, "kuna jambo nimeshindwa kulisema."

"Lini wewe umeshindwa kusema?"

"Mama yangu. Ana sukari, unajua. Wakati ule ule niliokusomea wewe, nilimsomea na yeye. Vidonge vya vitamini hakuvipata, lakini vya sukari aliviacha. Ulipolazwa nilimwambia arudie. Anasema wewe uliumia kwa sindano, siyo kwa sukari. Kila siku namwambia, hanisikii. Anasema, 'Si wewe mwenyewe uliyenisomea?' Sasa tangu jana anakunywa maji hayamtoshi."

Nusu Inchi hakuuliza swali la pili. Alishika gongo, akamwambia mkewe achukue ile mashine ndogo ya kupimia sukari, wakafunga chumba katikati ya siku ya kazi. Nyumba ya mama Profesa ilikuwa mitaa minne mbele, na alitembea yote, jua la saa sita utosini, akiumwa kila hatua.

Walimkuta mama yule ameketi kitandani, jagi mapajani. Alikuwa bibi mkali, hata kwa udhaifu ule. "Mmekuja kunitisha," akasema.

"Sikuja kukutisha, dada yangu," fundi akajibu. Akaketi kwenye kigoda mbele yake, akafungua kamba za kiatu, akavua soksi, na akauweka mguu wake mtupu juu ya goti lake la kushoto, mahali ambapo mama yule hangeweza kukwepa kuutazama. "Mimi niliambiwa maneno yale yale, na mtu yule yule, naye alinipenda kama anavyokupenda wewe. Sindano ilichoma tu. Aliyekula kidole ni sukari. Hesabu vidole mwenyewe."

Mama akahesabu. Nadhani alihesabu mara mbili, maana midomo yake ilikwenda. Kisha akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni akilia bila kujificha, mwanamume na ndevu zake.

"Nilikosea, mama," Profesa akasema. "Nilisoma juu juu tu. Sikujua."

Mke wa fundi alikwisha kumchoma kidole na kumpima. Ishirini na mbili. Hakusema namba kwa sauti, alimwonyesha tu kioo cha mashine. Mama yule akaliweka jagi chini, akanyoosha mkono atafute kanga yake. "Basi mnangoja nini?" akasema. "Nipelekeni."

Walimfikisha mapema. Alilala hospitalini siku nne, akatoka na miguu yake yote miwili na vidole vyake kumi.

FUNZO

Ndugu zangu, nimesimulia, sasa niwaambie wazi mtu asije akasema hakuelewa.

Vitamini D ni kitu cha kweli. Anayejifungia ndani miaka nenda miaka rudi, awe mshonaji, karani au mlinzi wa zamu za usiku, anaweza kuikosa, na mifupa na misuli ikamlaumu. Watafiti wanaendelea kuchunguza inavyohusiana na kisukari, na tuwaache wafanye kazi yao. Lakini kusaidia siyo kuponya. Asiyekuwa nayo ya kutosha apewe na daktari, kwa kipimo, na arudi kupimwa siku aliyoambiwa. Anayeongeza kwa kichwa chake, akidhani cha heri hakizidi, anajilisha sumu kwa mkono wake mwenyewe. Na dawa ya sukari haiachwi kwa sababu umejisikia vizuri. Mara nyingi umejisikia vizuri kwa sababu yake.

Mwenye kisukari avae viatu hata chumbani mwake, na kila siku aitazame miguu yake juu na chini, au amwombe mwenzake amtazamie, maana mguu wenye ganzi haupigi kelele.

Nawe unayependa kusomea watu habari njema kwenye simu, soma mpaka mstari wa mwisho kabla ya kumpelekea mama yako. Atakuamini, na si kwa kuwa unajua, bali kwa kuwa wewe ni mwanawe.

Na kama kuna dawa uliyoiacha kimya kimya, mwambie wa nyumbani kwako leo, kisha kamwambie daktari. Utaona aibu kwa dakika tano. Fundi wetu alisubiri wiki kumi.